Kipuri Kwanza, Gari Baadaye

Ukishuka kutoka Bujumbura kuelekea Rumonge, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, utapita Magara. Kando ya barabara kama hii, gari lililochoka halitupwi hivi hivi. Injini hutafutiwa kazi nyingine, magurudumu hutiwa mkokoteni, na bati la mwili huziba tundu la ua. Kwa hiyo si ajabu kijana mwenye mikono myepesi kujisemea: injini ninayo, mabomba ya chuma ninayo, fundi wa kuchomelea ni jirani yangu, kwa nini nisijiundie gari langu mwenyewe?

Wazo hilo ni jema, wala safu hii hailicheki. Lakini kabla hajanunua rangi ya kulipaka, na atazame waliomtangulia.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la nchi yao, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Mwaka 1990 magari ya mfano, yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer, yalionyeshwa hadharani mjini Nairobi. Yalikuwa matano, nayo yalitembea. Hata hivyo hayakufika sokoni, kwa kuwa fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Shirika lililoundwa kwa ajili yake likageuka kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kusubu na kukereza vipuri vya mashine, ambayo mwaka 2021 iliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Gari lilikwisha, kipuri kikabaki. Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia.

Fundisho lake ni hili: kuunda kitu kimoja kikaenda si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni kuunda cha pili kilicho sawasawa na cha kwanza, siku kile cha kwanza kitakapovunjika. Kwa sababu hiyo mwenye kujenga gari nyumbani aanze na kipimo, ndipo aushike moto.

Tuchukue vishikizo vya injini, yaani mauntingi. Injini ya gari moja haikai yenyewe katika fremu ya gari jingine. Hapana budi vishikizo viundwe upya. Kata kwanza mfano wa karatasi ngumu, uujaribu mahali pake, ndipo uuhamishie kwenye bamba la chuma. Matundu ya skrubu yatobolewe kwa keekee. Yasiyeyushwe kwa moto, maana tundu la moto halina kipimo. Shikiza vipande kwa nukta ndogo za kuchomelea, pima tena, kisha uchomelee kidogo upande huu na kidogo upande ule. Joto huvuta chuma. Ukimaliza upande mmoja wote, kishikizo kitapinda. Baina ya injini na fremu uweke mpira, kwani mtikisiko usiopozwa hupasua hata kiungo kilichochomelewa vizuri.

Vijiti vya kuchomelea navyo vitunzwe mahali pakavu. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na kijiti kilichonyonya unyevu huingiza hidrojeni ndani ya kiungo. Ufa huweza kutokea baadaye, fundi akiwa amekwisha lipwa na kwenda zake.

Bomba la kukusanyia moshi wa injini ni shauri jingine. Aghalabu hilo ni chuma cha kusubu, chenye kaboni nyingi kuliko chuma cha nondo. Ukikichomelea kikiwa baridi na kukiacha kipigwe na upepo, hulia kwa mlio mdogo: huo ni ufa mpya unaozaliwa kando ya ule uliouziba. Toboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kipashe moto kipande chote, tumia kijiti cha nikeli, chomelea urefu mfupi mfupi, na kila urefu uugongegonge kwa nyundo ndogo ungali moto. Ukimaliza, kizike ndani ya majivu makavu kipoe taratibu hadi kesho yake. Mwenye haraka atakichomelea mara mbili, na mara ya tatu atakitupa.

Viko pia viungo ambavyo fundi wa uani asiviguse kamwe kwa moto: fimbo za usukani, mikono ya breki, na mkono unaobeba pistoni. Kishikizo kikivunjika, gari husimama. Fimbo ya usukani ikivunjika kwenye barabara iliyobanwa kati ya mlima na ziwa, hakuna wa kumrudisha aliyekuwa ndani. Vitu hivyo vinunuliwe vizima, au vitolewe katika gari lililo vema na kukaguliwa na fundi mzoefu. Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mafundi wa magari hawakosekani.

Yabaki ya akina mama na baba wa nyumba. Watoto hupenda kuutazama ule mwali mweupe. Mwali huo huunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, yakiwa kama mchanga chini ya kope. Wekeni kizuizi cha bati au cha turubai nzito isiyoshika moto upesi baina ya fundi na watoto. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata likiwa tupu: mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Na kabla ya kuchomelea chochote garini, waya za betri zifunguliwe.

Mwisho, kila kipuri kilichofaulu kichorwe katika daftari: urefu, unene, nafasi ya matundu, na aina ya kijiti kilichotumika. Daftari hilo litamwezesha mwingine, labda mtoto wako mwenyewe, kukiunda tena wewe ukiwa kazini mbali na nyumbani. Gari lisilo na daftari hufa pamoja na fundi wake.