Konda, Taja Kituo

Toleo hili lilipangwa liwe la fimbo nyeupe ya wasioona, maana linatoka Oktoba, na siku yake ni tarehe 15. Barua zenu zimelipindua. Tangu tuchapishe hoja kwamba asiyeona asipande basi la mkoani bila msindikizaji, wamejitokeza wanaoiunga mkono kwa huruma na wanaoipinga kwa hasira. Mimi niko na wenye hasira. Mtu mzima aliyelipa nauli yake haulizwi "umekuja na nani?" kama mzigo unaotafutiwa mwenyewe. Isitoshe, sharti hilo ni nauli mbili kwa safari moja, pamoja na siku ya kazi ya mtu wa pili. Wanaolipendekeza hawajasema nani atailipia.

Hata hivyo, majibu ya wenzangu wa upande huu nayo yamenikera, kwa sababu karibu yote yamekimbilia simu. Eti programu itasoma ramani, programu itasema umefika wapi. Sina ugomvi na simu inayosoma skrini. Imewapa wengi uwezo wa kusoma ujumbe wa pesa zao bila kumkabidhi mtu mwingine simu, na hilo si dogo. Lakini chaji huisha, bando huisha, na anayetembea Kariakoo na simu mkononi anajua hatari yake. Kabla hatujaomba tusichokuwa nacho, tukilinde tulichonacho, ambacho kinatutoka huku tukiangalia: sauti ya konda.

Panda daladala ya Mwenge usikilize. "Makumbusho yupo?" "Yupo, shusha!" "Victoria?" Kimya, gari linapita. Kwa asiyeona hiyo ndiyo ramani ya barabara, inasomwa kwa sauti, bure, na kwa Kiswahili. Nje ya gari kazi yake ni kubwa zaidi. Mpiga debe anaponadi njia nzima kituoni, asiyeona anajua gari linakwenda wapi kabla hajaligusa. Manamba wa Nairobi wanaoita "Tao! Tao!" wanafanya kazi hiyo hiyo. Hakuna aliyewaagiza kwa ajili ya wasioona, wanatafuta abiria. Ndiyo maana tumeichukulia kuwa kelele ya mjini, tukasahau kuiita huduma.

Toronto, Kanada, walilazimika kuipata huduma hiyo kwa kesi. Wakili asiyeona, David Lepofsky, aliidai tume ya usafiri ya jiji lake itaje vituo, akashinda kwa treni za chini ya ardhi mwaka 2005. Ikabidi arudi tena kwa ajili ya mabasi na tramu, na mwaka 2007 baraza la haki za binadamu la jimbo la Ontario likaamuru kila kituo kitajwe. Hakudai mtambo wa ajabu. Alidai dereva afungue mdomo. Uingereza nayo ilitunga kanuni mwaka 2023 zinazotaka mabasi yatangaze njia na vituo kwa sauti na kwa maandishi.

Kwetu sauti ipo, ila ni hisani. Konda akichoka anagonga bodi tu na gari linasimama pasipojulikana. Muziki ukipandishwa, hata akitaja hasikiki. Na mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 2016, haumtegemei konda kabisa. Naupenda mradi ule kwa jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi. Anayetumia kiti cha magurudumu anajua thamani yake. Lakini nauli inalipwa kituoni, mlango unafunguka, na siku spika ikiwa imekufa hakuna anayewajibika kusema tumefika wapi. Anayesubiri jukwaani naye hana wa kumwambia basi hili ni la Kivukoni au la Gerezani. Tumejenga barabara mpya na tumeiacha sauti kwenye ile ya zamani.

Sheria hazikosekani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataja wazi usafiri wa umma. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka uliofuata. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye masharti ya leseni ya njia. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, inaweza kumtaka konda avae sare. Basi imtake pia ataje kila kituo, apunguze muziki anapotaja, na atamke gari linakokwenda mlango unapofunguliwa. Mwenye mabasi ya kisasa afanye hivyo kwa spika, na ikiharibika, dereva aseme kwa mdomo wake.

Kwingine katika toleo hili, makala ya vigae vyenye vinundu, vilivyoanzia Okayama, Japani, mwaka 1967, inaeleza vizuri kwa nini kigae kinachomwongoza mtu hadi kwenye nguzo au mtaro ulio wazi ni hatari kuliko kutokuwa na kigae. Mwalimu wa elimu maalumu ameandika kuhusu kufundisha fimbo kwenye njia za mchanga. Mahojiano na waendesha bodaboda yasomwe hadi mwisho. Mwandishi wa hoja ya msindikizaji tumempa nafasi ya kujibu, ukurasa wa katikati, bila kumkata neno.

Rasimu ya masharti ya leseni tunayopendekeza iko ndani ya jalada la nyuma. Isomeni kwa sauti, mbele ya konda mkimpata, kisha mtuandikie anachosema: kipi kinatekelezeka saa kumi na mbili jioni gari likiwa limejaa hadi mlangoni, na kipi hakiwezekani.