Fedha ya Bata Iwe Mikononi mwa Mlezi



Katika jamaa nyingi za bonde la Ruzizi, toka Uvira hadi Luvungi, bata hufugwa uani bila kuhesabiwa. Hudharauliwa kuwa ndege wa matope, asiye na heshima ya mbuzi wala ya ng'ombe. Huchinjwa mgeni anapofika, au huuzwa upesi mtoto anapougua. Hata hivyo, ndege huyu aweza kuipatia jamaa maskini pato la kweli, kwa sharti moja ambalo wengi hatupendi kulisikia: anayewalea vifaranga ndiye awe na neno la mwisho juu ya mauzo.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Bata yule mwenye nyama nyekundu usoni hadai ziwa wala bwawa. Dume mmoja huwatosha majike wanne au watano. Jike hutaga mayai 8 hadi 15, kisha huyaatamia mwenyewe kwa siku 35, bila mashine wala umeme. Hula pumba za mpunga, majani, konokono na wadudu. Kideri, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, haumwangushi kwa urahisi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme majike wanne wameangua mara mbili kwa mwaka, vifaranga 10 kila mara: jumla ni 80. Wakifa nusu, wamebaki 40. Wakifa 10 tu, wamebaki 70. Tofauti hiyo ya bata 30 haikupatikana sokoni kwa ujanja wa kupatana bei. Ilipatikana katika majuma matatu ya kwanza, kwa mtu aliyewafungia vifaranga mahali pakavu ili baridi ya usiku isiwaue, akaziba matundu ya panya, akamfukuza mwewe, akayatupa mahindi yenye ukungu, ambayo ni sumu kali kwa kifaranga wa bata, akaweka maji ya kuzamisha mdomo na si ya kuogelea.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mama, pamoja na watoto. Lakini siku ya soko ikifika, baba ndiye huwabeba bata, naye ndiye hurudi na fedha, au na sehemu yake tu. Mlezi asiyeona tunda la jasho lake huchoka moyo, na vifaranga hufa mmoja mmoja pasipo anayeuliza. Vibaya zaidi, majike wazazi huuzwa kwa ajili ya deni la siku moja, na ufugaji wote huishia hapo.

Wako watakaojibu kwamba baba ndiye kichwa cha jamaa. Wajibu wake siukani. Lakini kuongoza jamaa si kushika kila faranga. Baba mwenye busara hujenga banda, hutafuta pumba, hubadilishana madume na jirani ili bata wasizaane ndugu kwa ndugu, kisha humwachia mlezi kazi anayoijua.

Kujua huko kuna faida sokoni pia. Wanunuzi ni wengi Noeli inapokaribia. Bata huhitaji majuma 12 hivi ili afae kuuzwa, na kabla ya hapo kuna siku 35 za kuatamia. Basi, mayai yawe chini ya jike kufikia katikati ya mwezi wa nane. Aliye karibu na viota ndiye aionaye kalenda hiyo. Aliye mbali hukumbuka bata mwezi wa kumi na mbili, wakati umekwisha kupita.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jamaa ifungue daftari moja: waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, bei na gharama. Lisomwe mbele ya wote, watoto wakiwepo. Na pawe na mapatano kwamba jike mzazi hauzwi mpaka baba na mama wamekubaliana.

Bata wanne hawataifanya jamaa kuwa tajiri. Waweza kuisaidia kulipa masomo ya mtoto mmoja, ikiwa aliyewalinda usiku anaulizwa kabla hawajafungwa miguu kwenda sokoni.