Whisky ya miaka 12, njaa ya leo

Wandugu wa Misisi, na ninyi jamaa mliokimbia vita na kupata kimbilio hapa kwetu, leo tuzungumze juu ya chupa. Siyo ya Primus. Ni ile ya pembe nne, yenye karatasi nyeusi iliyobandikwa upande, ambayo PDG wa shimo akipata dhahabu anaisimamisha katikati ya meza ili kila mpita njia aione.

Sisemi ni kinywaji kibaya. Johnnie Walker Black Label ni mchanganyiko wa whisky nyingi, za shayiri na za nafaka zingine, na hata ile changa kuliko zote imelala miaka 12 ndani ya pipa la mti. Pipa linaipa utamu. Moshi wa kukaushia shayiri unaipa ile harufu ya kuni. Mwenye kuijua anainywa polepole.

Lakini hapa nani anaijua? Tunaimwagia Coca, tunaimeza kama dawa ya minyoo, kisha tunaagiza ingine. Hatununui utamu. Tunanunua macho ya watu. Na kijana asiyekuwa na pesa ya chupa ananunua kipakiti chenye neno «whisky», wakati sheria ya Scotland inataka whisky yao ikae kwenye pipa si chini ya miaka 3. Neno ni moja, kinywaji si kimoja.

Wanasema: «Ni jasho langu.» Ndiyo, lakini siyo lako peke yako. Kuna waliochimba, waliobeba mawe, na wamama waliotwanga. Wengi wao wamefika juzi na mtoto mgongoni. Wanaambiwa wangojee, mgao bado. Chupa haingojeshwi.

Fikirini: kinywaji kile kilipata miaka 12 ya kulala pahali pamoja bila kusumbuliwa. Mtoto gani wa Fizi mwenye miaka 12 amepata usingizi wa namna hiyo?

Tena sikieni. John Walker alifungua duka lake Kilmarnock, Scotland, mwaka wa 1820. Jina lilienea dunia nzima. Mwaka wa 2012 kiwanda cha mji huo kikafungwa, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mali ilizaliwa pale, ikaenda kutajirisha kwingine. Sisi watu wa Akyanga na Misisi hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo: dhahabu inatoka, mashimo yanabaki.

Basi PDG, tunakuomba jambo moja tu. Lipa kwanza. Mchimbaji apate fungu lake, mama mtwangaji apate yake, mtoto aende masomo. Halafu kaa na chupa yako, kunywa polepole. Siku hiyo hata sisi tutakuambia: afya njema, mzee.