Kibao cha Msumeno wa Meza

Fundi hununua msumeno wa meza kwa fedha nyingi, kisha akaridhika na kibao cha bati kilichokuja nao, kile kinachozunguka meno, chenye mwanya mpana unaomeza vipande vyembamba na kuacha plaiwudi ikichanika upande wa chini. Bora ujitengenezee, ila si kwa masalio ya mkaratusi: hayo huvimba masika, kibao kikang'ang'ania mahali pake. Mimi huchagua plaiwudi ya tabaka nyingi, juu nikabandika fomaika ili mbao iteleze. Plastiki ya vibao vya jikoni nayo huteleza, lakini ikiwa nyembamba hubonyea katikati. Emdiefu? Rahisi, ingawa kingo humong'onyoka. Na unapopandisha meno yajikatie mwanya katika kibao kipya, kibanwe kwa ubao na klampu, kamwe si kwa kiganja.