Mchezo wa Kupigana Unahitaji Kicheko cha Eastlands

Anayebuni mchezo wa video wa kupigana jijini Nairobi, bila fedha za matangazo makubwa, autangaze kwa msururu wa video fupi za vichekesho zilizoigizwa Kayole, Umoja na Dandora, mitaa ya Eastlands. Divekick, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 2013, ulianza kama mzaha kuhusu michezo ya aina hiyo. Ulitumia vitufe 2 tu, na mzaha huo ndio uliowavuta watu. Kwetu, Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, ameonyesha kwa mchezo wa kupigana wa Tekken kwamba wachezaji mahiri tunao. Watazamaji wapo pia: kwenye vibanda vya PlayStation vya Eastlands, anayesubiri zamu humtania kwa Sheng aliyeshindwa, na utani huo tayari ni nusu ya muswada.

Wapo wanaohofia kwamba vichekesho vitaishusha hadhi kazi yenyewe, au vitawafunza watoto ugomvi. Hofu ya pili ni nzito, lakini kichekesho humvua mpiganaji ukali, kikabakiza ufundi wa vidole. Ya kwanza haina msingi: kipindi cha runinga cha Vioja Mahakamani kimewachekesha Wakenya kwa miongo mingi, na bado kinaheshimiwa. Wabunifu, wapeni kazi wachekeshaji wa Eastlands, na muwalipe ipasavyo.