Hesabu iwe sahihi, na nyuso zetu ziwemo

Kuna jambo ambalo sisi wapiga picha wa Singida tunaliona kila tunapomvisha mteja miwani ya kuchorwa na kompyuta kwenye picha yake. Modeli ya uso, yaani uso wa wastani unaobadilishwa kwa namba za umbo, ikishajenga uso wa mteja wa pande tatu, kila nukta huzungushwa na kusogezwa ikae mbele ya kamera. Kisha vipimo vyake vya mlalo na wima hugawanywa kwa kina chake, yaani umbali wake kwenda mbele kutoka kwenye kamera, huzidishwa kwa urefu wa fokasi, na kujumlishwa na kitovu cha picha. Ukiruka kule kugawanya, selfi ya karibu inaharibika: miwani inaelea juu ya nyusi, pua haikai mahali pake. Pia pikseli huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, wengi hukwama hapo.

Linaloniuma zaidi ni modeli yenyewe. Ile ya Chuo Kikuu cha Basel ya mwaka 2009, iliyotumika sana, ilijengwa kwa nyuso za watu 200, wengi wao Wazungu. Uso wa Mnyaturu au Mnyiramba wa hapa Singida ukipitishwa humo huvutwa kuelekea wastani wao. Vyuo vyetu vipime nyuso za hapa, kwa ridhaa ya wenyewe.