Kamina: gari dogo la mbio, lakini volani iko upande gani?

Si vibaya kijana wa Kamina kununua gari dogo la okazioni kwa raha ya kuendesha tu. Toyota Corolla RunX, iliyotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2006, iko na aina yenye moteri ya nguvu za farasi 190. Ni gari tamu. Lakini wengi wanauliza bei na rangi, hawaulizi volani iko upande gani.

Japani, Tanzania na Zambia gari zinapita kushoto. Sisi Kongo tunapita kuume. Ukiwa nyuma ya kamio kwenye barabara ya taifa nambari 1, njia ya Kolwezi, na volani yako ni ya kuume, huoni mbele mpaka gari karibu lote litoke. Ongeza vumbi la kiangazi na mbio: hapo kosa dogo linaua.

Kwa hiyo, ndugu kijana, tafuta volani ya kushoto, hata kama moteri ni ndogo. Ukikosa, ukubali kubaki nyuma ya kamio. Na dola za kwanza ziende kwa freni na mapine, si kwa muziki. Gari la raha ni lile linalokurudisha nyumbani.